Nilivyowanyoa machotara wangu wa Dorper kabla ya kaskazi

"Kondoo wa Pwani hanyolewi." Hilo ndilo jibu ninalopewa nikisema kwamba huku Chanika nanyoa kondoo, hata na watu waliozeekea mnada wa mifugo wa Pugu. Wamepatia nusu. Kondoo aitwaye Mmasai mwekundu na yule wa kichwa cheusi wana nywele fupi tu, na mafuta yao mengi yako mkiani na kwenye makalio, hayakutandazwa chini ya ngozi yote. Hao waache walivyo. Shida iko kwa chotara wa Dorper. Dorper alitengenezwa Afrika Kusini miaka ya 1930 kwa kupandisha Dorset Horn, ambaye ni wa sufu, na huyo huyo wa kichwa cheusi. Muuzaji atakwambia anapukutisha sufu mwenyewe. Wangu wanapukutisha tumbo, shingo na miguu, mgongoni wanabaki na blanketi lililogandamana na mbegu za majani na kinyesi.

Kondoo hutoa jasho kidogo. Kazi kubwa ya kupoza mwili anaifanya kwa kuhema, na Januari, kwenye joto la kaskazi, hapa Dar hewa imeshajaa unyevu, kwa hiyo anahema sana na anapoa kidogo. Kinachobaki ni upepo kugusa ngozi, na sufu iliyogandamana inauzuia. Ukitaka kujua hali yake, simama pembeni saa nane mchana bila kumkurupusha, uhesabu ubavu unavyopanda na kushuka kwa dakika moja. Chini ya 40, mwache. Ukipita 80 anateseka. Ukipita 120, au akifungua mdomo na kutoa ulimi, hiyo ni dharura. Joto la kawaida la mwili ni kama nyuzi 39. Kipimo kikivuka 41 mpigie daktari wa mifugo huku umeshaanza kumlowesha.

Kumlowesha wapi sasa? Jirani yangu mmoja, mfugaji wa siku nyingi, alisisitiza niwe nawapiga mpira wa maji mgongoni kila mchana. Maji yanashikwa na sufu juu juu, ngozi haiyapati, upepo ndiyo haupiti kabisa, na unyevu huo huo unawaita nzi. Nzi akitaga kwenye sufu mbichi yenye kinyesi karibu na mkia, mayai huanguliwa ndani ya siku moja na funza wanaanza kula ngozi. Maji mwagia tumboni, kwenye kinena na miguuni, mahali pasipo na sufu. Mgongo ni baada ya kunyoa.

Ushauri wa pili ulikuwa niazime mashine ya kinyozi. Ile mashine ililia vizuri kwenye paji la uso, nikajiona fundi. Ilipofika mgongoni haikumaliza hata kiganja. Meno yake yamebanana kwa ajili ya nywele za binadamu. Sufu ina nta inayonata, ina mchanga, inajisokota katikati ya meno, na wembe unapata moto kiasi cha kumuunguza mnyama. Mashine halisi ya kondoo ina kitana kipana chenye meno yaliyoachana, na bei yake ni laki kadhaa. Kwa kundi dogo kama langu, hapana.

Nilichotumia ni mkasi wa fundi cherehani na chanuo, lile la meno marefu la kuchania afro. Vyote havifiki bei ya mfuko wa pumba. Watu wanakatwa ngozi za kondoo wao kwa sababu wanaivuta sufu juu. Ngozi nyembamba inainuka nayo na mkasi unaila. Wewe usivute. Choma chanuo ndani ya sufu, lilale juu ya ngozi, kisha kata juu ya chanuo. Mkasi haugusi ngozi, na inabaki sufu ya kama sentimita moja sawasawa mwili mzima. Hiyo sentimita naitaka. Sufu inakinga jua pia: kwa Merino wa Australia wamewahi kupima ncha za sufu zikazidi nyuzi 80 huku ngozi ikiwa karibu na 42. Ukimnyoa kipara ukamtoa juani, anababuka. Mkasi ukianza kunata, futa kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani.

Nafanya Oktoba, kabla vuli haijakolea, maana sufu ikilowa haikatiki. Naanza saa moja asubuhi. Usiku uliotangulia hawali. Kondoo aliyeshiba ukimkalisha kwa makalio, tumbo linasukuma mapafu na anahangaika. Chuchu na ncha ya uume funika kwa kiganja unapopita. Mkiani kata fupi kuliko kwingine. Jeraha dogo, dawa ya bluu ya kupulizia.

Dume ndiye wa kwanza. Mapumbu yanatakiwa yawe na ubaridi wa nyuzi kadhaa kuliko mwili, na mbegu huchukua kama wiki saba kutengenezwa, kwa hiyo joto la Januari unaliona Machi: majike hawashiki mimba, wanarudi kutaka dume kila baada ya siku 17, na lawama wanabebeshwa wao.

Kunyoa peke yake hakutoshi kama banda ni bati la chini lisilopitisha hewa. Inua paa, weka makuti, acha wazi upande wa bahari. Majani makavu na mashudu wape saa kumi na moja jioni, kwa sababu chakula kinapochacha tumboni nacho huzalisha joto, na hulihitaji mchana. Maji weka kivulini. Mkubwa mmoja anaweza kumaliza lita kumi siku ya joto kali.

Sufu yenyewe haina soko, fupi na imechanganyika na nywele. Naitandaza chini ya migomba.