Sheffield, mji wa chuma na vinanda vya umeme

Kaka yangu alikuwa na kanda moja ya The Human League, kundi la Sheffield, aliyoipiga pale nyumbani Mombasa mpaka utepe ukakatika, akauunga kwa rangi ya kucha. Kanda hiyo ndiyo iliyonipandisha treni St Pancras, London, kwenda Sheffield, mwendo wa saa mbili na ushei.

Kutoka stesheni ni hatua chache tu hadi Paternoster Row, na hapo nikakutana na jengo la mapipa manne makubwa ya chuma. Lilifunguliwa mwaka 1999 kuwa makumbusho ya muziki wa pop. Mwaka 2000 lilikuwa limeshafungwa, baadaye wakapewa wanafunzi wa chuo kikuu. Nililizunguka mara mbili, moyo mzito.

Nikapanda kilima hadi High Street, ilipokuwa klabu ya Crazy Daisy. Mwaka 1980 kundi la The Human League lilivunjika. Martyn Ware na Ian Craig Marsh, waliowahi kufanya kazi ya kuendesha kompyuta, walitoka wakaunda Heaven 17. Philip Oakey, aliyewahi kusukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini, akabaki na jina la kundi na ziara ya Ulaya iliyokwisha kupangwa. Akaingia Crazy Daisy, akawaona wasichana wawili wa shule wakicheza, Joanne Catherall na Susan Ann Sulley, akawaomba wajiunge naye. Krismasi ya 1981 wimbo wao "Don't You Want Me" ulikuwa namba moja Uingereza, na Julai 1982 ukashika namba moja Marekani. MTV, televisheni ya muziki ya Marekani, ilikuwa imeanza Agosti 1981 ikitafuta video kwa udi na uvumba, na Waingereza walikuwa nazo.

Lakini kwangu mimi siri ni mji wenyewe. Wanamuziki wa hapa wamesimulia jinsi nyundo za viwandani zilivyosikika hadi usiku. Vijana hawa hawakuwa mafundi wa gitaa. Walinunua vinanda vya Korg na Roland, wakasokota vifundo mpaka wakapata sauti ambayo hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Ndiyo maana 1983 iliniuma niliposoma habari zake: Yamaha ikatoa DX7, kinanda chenye sauti zilizokwisha kutengenezwa, na baada ya muda mfupi kila studio ikalia vilevile. Wimbi jipya (new wave), yaani muziki huo wa vinanda vya umeme, likawa maji ya bomba. Mwaka 1986 The Human League walirudi namba moja Marekani kwa wimbo "Human", ila huo waliupikiwa kule Minneapolis, Marekani, na watayarishaji Jimmy Jam na Terry Lewis. Mzuri, naupenda, lakini Sheffield haimo.

Jioni nikapanda tramu hadi Meadowhall, maduka yaliyofunguliwa 1990 palipokuwa na kiwanda cha chuma cha Hadfields. Nikampigia kaka.

"Nyundo zasikika?" akauliza.

"Hazisikiki, kaka."

Akanyamaza kidogo. "Basi nisikizishe hata hiyo tramu."

Nikaielekeza simu relini.