TAZAMA: bomba lililobadilisha kazi mara mbili

Rhodesia (Zimbabwe ya leo) ilipojitangazia uhuru Novemba 1965, Zambia ilipoteza njia yake ya mafuta. Yakasafirishwa kwa ndege, na kwa malori katika barabara mbovu ya Dar es Salaam. Bomba la TAZAMA, la kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi mji wa Ndola, Zambia, likaanza kazi 1968. Kampuni inayoliendesha ni ya serikali mbili: Zambia theluthi mbili, Tanzania theluthi moja.

Watu husahau kwamba mwanzoni lilipitisha mafuta yaliyosafishwa. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Indeni kilipofunguliwa Ndola 1973, likageuzwa kubeba mafuta ghafi yaliyochanganywa na dizeli na mafuta mepesi. Mchanganyiko huo ulikuwa mzigo kibiashara: unanunua dizeli iliyokwisha kusafishwa, unaitia kwenye ghafi, kisha unalipa kuitenganisha upya.

Mwaka 2023 likarudi kwenye mafuta yaliyosafishwa, safari hii dizeli tupu. Kugeuza bomba kuukuu si kufungua valvu tu. Ghafi huacha nta na matope ukutani. Lazima zipitishwe plagi za kukwangua (vizibo vinavyosafisha bomba kwa ndani), zikisukumwa na mafuta yenyewe, tena na tena. Ukiharakisha, dizeli inafika nyeusi, salfa juu, nayo haiuziki. Na gharama si ndogo: kipande chenye kipenyo cha inchi 12 kinameza zaidi ya lita 70,000 kwa kila kilomita ili kujaa tu, kabla hujauza hata tone.

Kuna la wizi pia. Ghafi ilikuwa na wanunuzi wachache mtaani. Dizeli inaingia moja kwa moja kwenye tangi la lori.