Nilivyoacha Kusajili Kila Oda Kama Bidhaa Mpya

Nina karakana ya samani Keko, Dar es Salaam, na karibu kila kinachotoka hapa ni cha oda: kabati lililopimwa kufuata ukuta wa chumba, kitanda cha sita kwa sita chenye droo upande mmoja tu, kaunta ya duka la dawa. Nilipoacha kitabu cha nakala na kuanza kuandika ankara kwa programu ya Odoo, nilifuata nilichodhani ndio utaratibu, nikawa kila oda ninaisajili kama bidhaa mpya yenye jina na bei yake.

Baada ya miezi kadhaa orodha ilipita bidhaa mia mbili, na hakuna hata moja iliyowahi kuuzwa mara ya pili. Siku moja kijana anayenisaidia ofisini alitafuta "kabati la mninga", akaletewa majina zaidi ya ishirini, akachagua la juu, na mteja akaandikiwa bei ya kabati la mtu mwingine. Jambo hilo liliniuma sana, maana mteja akishaona kosa kwenye ankara huanza kuitilia shaka hata mbao aliyowekewa.

Bidhaa iliyokwisha kutumika kwenye ankara haifutiki, kwa hiyo zile za zamani niliziondoa kwenye orodha na kuziacha kwenye kumbukumbu, kisha nikabaki na nne tu: samani za oda, ukarabati, nyongeza ya kazi, na usafirishaji pamoja na ufungaji. Hazina bei ya kudumu wala hazihesabiwi stoo. Kinachoitofautisha oda moja na nyingine ni maelezo ya kwenye mstari wenyewe wa oda, nami huyaandika kwa ukamilifu: "Kabati la mninga, upana sm 240, kimo sm 220, kina sm 60, milango 4 ya bawaba, vanishi isiyong'aa."

Kabati hilo lilikuwa la shilingi 2,400,000. Mteja alitanguliza asilimia 60, na programu ikatoa ankara ya malipo ya awali ya shilingi 1,440,000 kutoka kwenye oda ileile. Kazi ikiwa katikati akataka milango ya kusukuma kwenye reli. Sikuugusa mstari wa kwanza. Niliongeza wa pili, nyongeza ya kazi, shilingi 180,000, nikamtumia oda iliyorekebishwa aikubali kabla sijanunua reli. Ankara ya mwisho ilikata yenyewe alichotanguliza, ikabaki 1,140,000. Alipouliza, "Fundi, mbona imezidi?" nilimjibu, "Mama, tazama mstari wa pili," akausoma, akalipa. Risiti ya EFD, yaani ile ya kodi, niliitoa kwenye mashine yake kama kawaida, kwa sababu ankara ya programu haishiki nafasi ya risiti hiyo.

Utaratibu huu una upungufu mmoja: bidhaa ya jumla haikuonyeshi kila oda imekula mbao kiasi gani. Kwa hiyo oda ikishakubaliwa, namba yake, tuseme S00147, tunaiandika kwa penseli kwenye kila ubao uliokatwa kwa ajili yake na nyuma ya kila risiti ya mbao, misumari na gundi. Jumamosi jioni, kabla ya kufunga, mimi na kijana wangu hukaa na lile rundo la risiti na kuziingiza moja moja chini ya namba yake.