Orodha ya Daraja la Tatu

Kila ninapopata likizo ya kurudi Mwanza, safari yangu ya kwanza baada ya kusalimia ni ya kumsindikiza mama mdogo kwenye makaburi ya Igoma, walikozikwa wengi wa abiria wa MV Bukoba. Mumewe alipandia Kemondo akiwa na mikungu yake ya ndizi, na asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 meli ikapinduka ikiwa imebakiza safari fupi tu kufika bandarini. Hatujui kaburi lake ni lipi. Mama mdogo huchagua mojawapo lisilo na jina, akaling'olea majani na kulimwagia maji, kwa kuwa hilo nalo lina mwenyewe.

Meli ile ilijengwa kubeba abiria 430. Orodha iliyokuwepo ilikuwa ya daraja la kwanza na la pili pekee, ilhali daraja la tatu, walikosafiri wachuuzi na wenye nauli ndogo, halikuwa na orodha. Ndiyo maana hata leo idadi ya waliokufa hutajwa kwa tofauti ya mamia, na ndiyo maana maneno "Taifa limepoteza" hunichoma kila niyasikiapo. Taifa haliwezi kusema limempoteza mtu ambaye halikumwandika alipopanda.

Mwaka mmoja nilikuwepo kwenye ibada ya kumbukumbu, na mgeni rasmi alizungumza kwa muda mrefu kuhusu amani, umoja na miradi ya kanda yetu, huku skafu yenye rangi za bendera ikiwa shingoni mwake. Neno "uzembe" halikutajwa. Mama mdogo alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, huyu kaja kuzika au kaja kuomba kura?"

Swali hilo nimerudi nalo New Jersey, ninakoishi, ng'ambo ya mto kutoka mahali yalipoangushwa majengo pacha ya New York tarehe 11 Septemba 2001. Karibu watu 3,000 waliuawa siku ile. Huzuni ya Wamarekani ilikuwa ya kweli, na bendera zilizotundikwa kwenye vibaraza zilitundikwa na watu waliokuwa wakilia. Lakini siku 45 tu baadaye ilisainiwa sheria ya kupanua upelelezi wa serikali, ambayo jina lake lilipangwa ili herufi zake za mwanzo zisomeke "mzalendo", na katika Baraza la Seneti ni mtu mmoja tu aliyeipinga. Nani angetaka kuonekana amepinga uzalendo wakati vifusi bado vinafuka moshi? Mwaka 2003 marehemu hao hao wakatajwa tena na tena katika hotuba za kuhalalisha vita vya Iraki, ingawa tume iliyochunguza mashambulizi haikupata ushahidi kwamba Iraki ilishirikiana na washambuliaji katika kuyatekeleza.

Wakati huo wazimamoto na vibarua waliofukua vifusi, ambao picha zao zilipamba kampeni nyingi, walikuwa wakiugua mapafu na saratani kwa sababu ya vumbi walilovuta. Sheria ya kuwatibu ilisainiwa Januari 2011, takriban miaka tisa na ushei baada ya tukio, na hata hapo iliwabidi wagonjwa wenyewe, wengine wakipumua kwa shida, wafunge safari za kwenda Washington kuwasihi wabunge waliokuwa na beji za bendera kifuani.

Kwetu kuna msemo unaotangulia kila uchunguzi: "Tusiingize siasa kwenye msiba." Niliusikia tena kwa simu mwezi Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu kabisa na gati la kisiwa cha Ukara, humo humo Ziwa Victoria, kikiwa kimejazwa kupita uwezo wake wa watu wapatao mia moja, waliokufa walizidi 220. Bendera zilipepea nusu mlingoti kwa siku nne, na ni haki zipepee hivyo. Ninachokataa ni msemo ule kutumika kumnyamazisha mfiwa anayeuliza nani aliruhusu kivuko kiondoke, kwa sababu kukagua mzigo, kuhesabu abiria na kutenga fedha za matengenezo ni mambo ya utawala, yaani ni siasa tangu kabla ya maiti wa kwanza kuopolewa. Hata meli mpya tuliyoingoja kwa hamu, yenye uwezo wa kubeba watu 1,200, kwa miaka mingi ilitajwa kama MV Mwanza Hapa Kazi Tu, na "Hapa Kazi Tu" ilikuwa kaulimbiu ya kampeni ya urais ya mwaka 2015.

Mara ya mwisho tulipokuwa Igoma nilimweleza mama mdogo kwamba New York, tangu mwaka 2012, wanasiasa huhudhuria kumbukumbu bila kupewa nafasi ya kuhutubia, na wafiwa ndio wanaosoma majina.

"Yote?"

"Yote, mama. Wanaanza asubuhi, wanamaliza mchana."

Alinyamaza kidogo, mkono wake ukiwa bado umeshika majani.

"Sisi tungekaa hata mpaka usiku," akasema, kisha akanielekeza dumu la maji.