Nilivyokinyoosha kipimo cha kusimama

Wagonjwa walioletwa kwenye chumba chetu cha vipimo walilalamika jambo moja: wakisimama wanapata kizunguzungu, wengine wanazimia. Vyeti vyao vilisema presha ni ya kawaida. Kwa kweli ilikuwa ya kawaida, maana ilipimwa wakiwa wameketi.

Meza ya kumwinua mgonjwa hatukuwa nayo, nami sikutaka kuingojea. Nikaanza kwa kumlaza mgonjwa chali dakika 5 kamili, bila maongezi wala simu, ndipo nipime. Kisha anasimama mwenyewe, napima presha na mapigo ya moyo dakika ya 1, ya 3, ya 5 na ya 10, na mtu akae karibu naye asije akaanguka. Wengi huishia dakika ya 3, kwa kuwa hicho ndicho kikomo cha kawaida: ndani ya dakika hizo presha ya juu ishuke 20 au zaidi, au ya chini 10 au zaidi. Lakini kuna ambao presha haishuki, ila mapigo yanapanda 30 au zaidi ndani ya dakika 10 (kwa wenye miaka 12 hadi 19 ni 40). Wengine presha inaanza kuteremka baada ya dakika ya 3. Ukiwaketisha mapema, hao wote wanakuponyoka.

Kilichonifaa zaidi ni kusoma mapigo na presha pamoja. Presha ikiporomoka, moyo ambao neva zake ni nzima hukimbia ili kufidia. Basi nagawanya ongezeko la mapigo kwa kiasi ilichoshuka presha ya juu. Jibu likiwa chini ya 0.5, nashuku neva. Likizidi hapo, nauliza kwanza kuhusu maji mwilini na dawa. Kwa anayetumia dawa za kupunguza mapigo, hesabu hii siiamini.

Kipimo cha kupumua kwa kina, cha kuona mapigo ya moyo yanavyobadilika na pumzi, kilihitaji saa ya kuhesabia sekunde tu. Zamani kila mpimaji alihesabu kwa mwendo wake; sasa ni sekunde 5 kuvuta, 5 kutoa, pumzi 6 kwa dakika, na majibu yanalinganishwa na umri. Kahawa na sigara mgonjwa anaziacha kabla ya kuja.

Kinachonishinda bado ni presha inayoanguka ndani ya sekunde 15 za kwanza na kurudi. Mkanda wa mkononi hauiwahi. Kwa hao naandika kwenye ripoti saa dalili zilipotokea, na kuomba wapimwe kwa kifaa cha kidoleni kinachosoma presha pigo kwa pigo.