Mikono 19, na jina ambalo sikuliandika

Lubumbashi, Agosti, usiku

Leo nimesoma mikono 19. Ninasema kusoma kwa sababu ndivyo tunavyosema kazini: mtu anachomwa tuberkulini, dawa ya kupimia maambukizi ya kifua kikuu, chini tu ya ngozi ya mkono, kisha anarudi baada ya saa 48 hadi 72 ili mkono usomwe. Nilikaa katika chumba cha kufungia vidonda, nikiwa na rula ndogo ya plastiki na kalamu ya biki, na wenzangu wakaingia mmoja mmoja wakiwa wamekunja mikono ya makoti yao meupe. Karibu kila mmoja alitazama kwanza wekundu, halafu akanitazama usoni. Nikawaambia wote kwamba wekundu hauhesabiwi. Kinachopimwa ni uvimbe mgumu, ambao mara nyingi kidole huuhisi kabla jicho halijauona. Unaweka ncha ya kalamu kwenye ngozi laini, mbali kidogo na palipochomwa, unaivuta polepole kuelekea katikati, na inapofika kwenye ukingo wa ule ugumu inagota yenyewe. Unaacha alama hapo, unafanya vivyo hivyo kutoka upande wa pili, kisha unapima kati ya alama hizo mbili, kwa upana wa mkono na si kwa urefu wake. Ukimaliza, unaandika milimita. Neno "hasi" peke yake halimsaidii atakayekuja baadaye kulinganisha.

Mambo haya yalianza mwezi wa Juni. Tulimpokea mchimbaji wa madini, mtu wa makamo aliyekuwa akikohoa kwa muda mrefu, tukamlaza katika chumba cha vitanda sita na kumtibu kama mtu mwenye nimonia. Alikuwa ametumia miaka mingi kwenye mashimo, na kwa hiyo kila aliyemsikiliza kifua alisema ni vumbi. Katika mkoa wetu jibu hilo huja haraka mdomoni, kwa sababu mara nyingi ni kweli. Tulichokisahau ni kwamba vumbi la silika hudhoofisha zile seli za mapafu ambazo kazi yake ni kumeza vimelea, na kwamba mtu wa vumbi ndiye hasa anayepaswa kupimwa kifua kikuu mapema kuliko wengine. Makohozi yake yalipelekwa kwenye GeneXpert, mashine inayotafuta vimelea vya kifua kikuu, siku ya 11. Nayo hutoa jibu katika muda wa saa 2 hivi.

Kwa siku hizo 11 madirisha yalikuwa yamefungwa. Anayeijua Lubumbashi ya Juni anaelewa sababu: usiku ni wa baridi kali, mchana upepo unaleta vumbi jekundu mpaka kwenye shuka, na wazee waliolazwa wanaomba wafungiwe. Hata vile vitundu vya juu ya ukuta, ambavyo waliojenga wodi waliviacha kwa makusudi ili hewa ipite, tulikuwa tumeviziba kwa katoni. Mimi mwenyewe niliwahi kushika kiti ili mwenzangu apande kuziba kimoja. Kifua kikuu husafiri katika chembe ndogo sana zinazobaki hewani kwa saa kadhaa baada ya mgonjwa kukohoa, na barakoa za kawaida, ambazo sisi huku tunaziita kashene, haziwezi kumzuia anayezivaa asizivute. Kashene ya kawaida inafaa ivaliwe na mgonjwa. Muuguzi anahitaji ile nzito inayobana uso pande zote, nasi hatukuwa tumeivaa, kwa sababu tulidhani tunamhudumia mtu wa nimonia.

Jibu lilipotoka kwamba ni kifua kikuu, mgonjwa alianzishiwa dawa za miezi 6, na mimi nikapewa kazi ya kuandika orodha ya wafanyakazi waliovuta hewa ya chumba kile. Niliandika wauguzi wa zamu zote, madaktari, wanafunzi, fundi wa eksirei na kijana wa maabara. Yalikuwa majina 27. Tukawapima wote katika juma lile lile.

Kipimo hicho cha kwanza ndicho kilicholeta maneno mengi. Wengi walidhani kitawaambia kama mchimbaji yule amewaambukiza, lakini mwili huchukua majuma 2 hadi 8 kabla haujaonyesha kwenye ngozi kwamba umekutana na vimelea. Mkono uliosomwa mwezi wa Juni ulikuwa unasimulia habari za zamani. Wanane kati ya 27 walikuwa tayari na uvimbe wa milimita 10 au zaidi, jambo lisiloshangaza katika nchi ambayo Shirika la Afya Duniani linaihesabu miongoni mwa 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa ugonjwa huu. Hao tuliwauliza dalili, tukawapiga picha ya kifua, na hatukuwachoma tena, kwa kuwa mkono ukishakuwa chanya hauna tena la kueleza. Daktari mmoja alishikilia kwamba uvimbe wake ulitokana na BCG, chanjo ya kifua kikuu. Nilimjibu kwa heshima kwamba chanjo ya utotoni huacha athari inayofifia kwa miaka, na kwamba milimita 16 kwenye mkono wa mtu wa umri wake ni vigumu kuzisingizia chanjo ya siku za kuzaliwa. Kipo kipimo cha damu ambacho hakichanganywi na BCG, ila kinadai maabara ambayo sisi hatuna.

Waliobaki 19 walikuwa hasi, nao ndio niliowasubiri kwa zaidi ya majuma 8. Kwao kipimo cha pili ndicho chenye habari za mwezi wa Juni.

Leo, 16 wamebaki kama walivyokuwa. Watatu wamebadilika: mmoja ametoka sifuri hadi milimita 13, mwingine sifuri hadi 15, wa tatu kutoka 2 hadi 14. Ongezeko la milimita 10 au zaidi katika muda mfupi hivi linahesabiwa kuwa ni maambukizi mapya. Mwenye milimita 15 ni muuguzi kijana aliyeanza kazi mwaka huu, ambaye hajazoea bado hata ratiba ya zamu za usiku. Aliiona rula kabla sijaiondoa. Alinyamaza kidogo, kisha akaniita yaya, yaani dada mkubwa, akauliza, "Yaya, nyumbani niwaambie nini? Niwe na sahani yangu na kikombe changu?"

Nilifunga mlango tukazungumza kwa muda mrefu kuliko foleni ilivyoruhusu. Nilimwambia kwamba vimelea vilivyolala mwilini mwake havitoki nje, kwamba hawezi kumwambukiza mtu yeyote leo, na kwamba hata mgonjwa wa kifua kikuu hawaambukizi watu kwa sahani. Nilimwambia pia upande mgumu: kati ya watu 100 wenye maambukizi, 5 hadi 10 huja kuugua katika maisha yao, na hatari iko juu zaidi katika miaka 2 ya kwanza, kwa hiyo dawa ya kuzuia tusiiahirishe. Picha yake ya kifua ni safi. Daktari amempangia isoniazidi na rifapentini, mara moja kwa juma kwa majuma 12, pamoja na vitamini B6 ya kulinda mishipa ya fahamu. Nilimtayarisha kwamba mkojo na hata machozi yatakuwa ya rangi ya machungwa, nikamwomba aje mara moja akiona macho yamekuwa ya manjano au chakula kikimkinai. Na kwa kuwa ni kijana, nilimweleza kwamba dawa hii hupunguza nguvu ya vidonge vya kupanga uzazi. Hapo ndipo alipolia, na sikumuuliza sababu.

Alipotoka, mama anayefanya usafi wa wodi alikuwa mlangoni na ndoo yake. Nilidhani anataka kupiga deki. Akaniuliza taratibu, "Mama, na sisi wa usafi tunasomwa siku gani?"

Sikuwa nimemwandika. Mama huyu aliingia chumba kile kila alfajiri, kabla dirisha lolote halijafunguliwa, akafagia chini ya vitanda sita na kumwaga vikopo vya makohozi, na katika majina 27 niliyoyaandika kwa mkono wangu lake halikuwemo. Hakuna aliyenizuia kuliandika. Niliandika kwa kufuata ratiba ya zamu, na watu wa usafi hawamo katika ratiba hiyo. Nilimwomba msamaha, akanijibu kwamba si neno. Lakini kuna kitu ambacho sitaweza kumrudishia: mkono wake wa Juni. Ukija kuvimba sasa, hakuna atakayejua kama maambukizi aliyapata mwaka huu au zamani sana.

Nilimchoma mwenyewe, mililita 0.1, mpaka ngozi ikainuka kama punje ya dengu. Kisha nikamuuliza yale maswali manne ambayo tunamuuliza kila mtu. Homa, hapana. Kukonda, hapana. Kikohozi, alisema, ni cha asubuhi tu, cha moshi wa makaa. Kwenye jasho la usiku alisita, akatazama ndoo, akasema kwamba siku hizi anaamka kugeuza mto. Makohozi yake yameingia maabara saa tisa alasiri. Kesho anapigwa picha ya kifua.

Akiwa bado amekaa, akaanza kunihesabia kwa vidole watu wengine waliovuta hewa ya chumba kile. Majina ya mke wa mchimbaji na mdogo wake nilikuwa nayo, kwa sababu kituo cha afya cha mtaani kwao kilishawafuata. Kidole cha tatu ndicho kilichonisimamisha: mama wa mwanafunzi mmoja aliyekuwa amelazwa kitanda cha dirishani, aliyelala mkekani usiku saba akimlinda mwanawe, na mgongoni alikuwa na mtoto mdogo ambaye bado ananyonya. Mtoto wa chini ya miaka 5 anayevuta hewa hiyo huweza kuugua upesi, na kwa wadogo kabisa ugonjwa hupanda hadi kwenye utando wa ubongo. Ni yeye aliyestahili kuandikwa wa kwanza, na zimepita zaidi ya siku 60.

Nimefungua kitabu cha kupokelea wagonjwa kabla ya kutoka. Jina la mwanafunzi lipo, na mtaa upo, ni Katuba, pamoja na namba ya simu ambayo jioni hii haikupatikana. Mama wa usafi anaifahamu njia, kwani shangazi yake anakaa karibu na hapo. Tumekubaliana kwenda pamoja kesho baada ya picha yake.