Bruce Springsteen bila bendi

Julai 2018, Jersey City

Jukwaani hapakuwa na mengi ya kutazama. Piano upande mmoja, kipaza sauti katikati, ukuta wa matofali nyuma, na yale masanduku meusi ya vyombo ambayo hupakiwa kwenye lori bendi inaposafiri. Bruce Springsteen, mwanamuziki wa roki wa Marekani, akaingia na fulana nyeusi na suruali ya jinzi, gitaa mkononi, akaanza kuongea. Hapakuwa na mshereheshaji wala moshi wala bendi. Mzee wa miaka 68, ambaye nimezoea kumwona kwenye video mbele ya viwanja vilivyofurika, nilimwona jana usiku katika ukumbi wa viti visivyofika elfu moja, karibu hivi kwamba kila alipopandisha sauti niliona mishipa ya shingo yake ikisimama.

Ukumbi unaitwa Walter Kerr, uko mtaa wa 48 pale Manhattan, New York. Onyesho lake humo lilianza Oktoba 2017, siku tano kwa wiki, Jumanne hadi Jumamosi, na lilipangiwa kuisha katikati ya Desemba 2018. Tiketi zilipangwa kuanzia dola 75 hadi 850, na kwa walanguzi zilipita elfu. Yangu nilipewa. Mzee ninayemhudumia alizaliwa na kukulia huku New Jersey, shabiki wa Springsteen hasa, lakini ngazi za ukumbi zimeshamshinda. Wanawe wakasema basi aende yule anayemwekea nyimbo hizo kila asubuhi. Niliaga zamu mapema, nikapanda basi la kwenda mjini nikiwa bado siamini.

Mimi nilimjua kwanza kama wengi wa rika langu walivyomjua, kwa ule wimbo wa 1985 wa kuchangia waathirika wa njaa Ethiopia, "We Are the World". Redioni kwetu Kenya uliimbwa mpaka watoto wasiojua Kiingereza wakawa wanauimba, na katikati yake kulikuwa na sauti moja ya kukwaruza, ya mtu anayeonekana kung'ang'ana na kila neno. Mwaka 1988 alifika Harare kuimba kwenye ziara ya shirika la haki za binadamu la Amnesty International pamoja na Tracy Chapman, Sting, Peter Gabriel na Youssou N'Dour. Huko ndiko karibu kabisa na kwetu ninakojua kwamba aliwahi kufika. Baadaye nilipohamia huku nikagundua kwamba katika jimbo hili yeye ni mtu wa nyumbani. Watu wanamtaja kwa jina la kwanza tu.

Mapema kabisa jana alitamka jambo lililonifanya nikae vizuri kwenye kiti. Alisema hajawahi kuingia ndani ya kiwanda kufanya kazi. Hajawahi kuwa na kazi ya saa za kuingia na kutoka, hajawahi kushinda siku tano kazini mpaka alipoanza onyesho hili, na bado amepata utajiri na jina kwa kuandika juu ya maisha ya watu hao hao. Watu walicheka kwa nguvu, naye aliwaachia nafasi wacheke. Mimi nilitaka kujua ataendelea vipi, kwa sababu nyimbo hizo zimenisindikiza kwenye mabasi ya alfajiri kwa miaka, nikienda kunyanyua watu vitandani, kuwaogesha na kuwavisha. Siku zote niliamini anayeziimba anaujua mgongo unavyouma.

Jibu lilikuja alipomfikia baba yake.

Walikuwa wanaishi Freehold, mji mdogo. Baba yake, Douglas, alizunguka kazi nyingi: kiwanda cha mazulia, kiwanda cha magari, kuendesha basi. Jioni alikwenda baa, na mama alimtuma mtoto aingie kumwita. Springsteen alisimulia safari hiyo kwa urefu, mtoto mdogo anapita katikati ya miguu ya wanaume mpaka anafika kwenye suruali ya kazi ya baba yake, anaivuta. Akasema alipokua na kutafuta sauti ya kuimbia nyimbo zake alichagua ya baba yake, kwa kuwa kwake ilikuwa na kitu kitakatifu. Hata mavazi ya mfanyakazi wa kiwandani aliyokuwa akivaa jukwaani yalikuwa ya baba yake. Mtu aliyetaka sana kupendwa na baba asiyejua kuonyesha upendo alipata njia moja tu ya kumkaribia, nayo ni kujifanya yeye.

Kisha akaeleza ndoto aliyoota baada ya baba kufariki. Yuko jukwaani anaimba, na baba yake amekaa kimya kati ya watu. Anashuka, anapiga magoti kando ya kiti chake, wote wawili wanamtazama yule anayewaka moto kule juu, naye anamwambia baba: yule pale ndivyo ninavyokuona wewe.

Baba yangu alikuwa kuli pale Kilindini, bandari ya Mombasa. Tulitoka Taita tukiwa wadogo, tukapanga chumba Changamwe, na yeye alikwenda gatini kwa zamu, mchana au usiku. Alirudi na vumbi la saruji kwenye nyusi. Hakuongea. Alikula, akanyoosha miguu kwenye mkeka, akageukia ukuta. Sisi tulifundishwa kutembea kwa vidole. Sijawahi kumsikia akieleza hata siku moja yake ya kazi, na mpaka jana sikuwa nimejiuliza kwa nini nimeishia kwenye kazi ya kubeba mizigo mizito nchi ya mbali, na kwa nini huwa naifanya bila kuisema.

Sehemu ya mama yake aliiimba kwenye piano. Mama huyo, Adele, alikuwa karani wa wakili, alipenda sana kucheza dansi, na ndiye aliyemnunulia gitaa. Kufikia mwaka huo wa 2018 alikuwa ameugua Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, kwa miaka kadhaa. Springsteen alisema mengi yameshapotea lakini hamu ya kucheza haijamwacha, muziki ukipigwa anainuka. Hapo naweza kutoa ushahidi wangu. Nimewahudumia wazee waliosahau majina ya watoto wao, waliosahau kama wamekula, lakini ukiwawekea wimbo wa ujana wao wanamaliza beti zote. Mguu unaanza kupiga sakafu. Huwezi kuwalisha wakiwa wamekasirika, lakini unaweza kuwalisha wakiwa wanaimba. Wahudumu wenzangu wote wanalijua hili, na wengi wetu tunatembea na nyimbo za wagonjwa wetu kwenye simu. Nilifurahi sana kumsikia mtu maarufu akilisema hadharani, bila kumwonea mama yake haya.

Halafu ikafika zamu ya "Born in the U.S.A." Alichukua gitaa la nyuzi kumi na mbili, akaburuta kibomba juu ya nyuzi mpaka likatoa mlio wa kuchimbua, na kwa muda sikuutambua wimbo. Ile ngoma kubwa ya 1984 haikuwepo, wala kiitikio cha uwanja mzima. Alibaki mtu anayepiga ukelele wa msibani. Kabla yake alieleza habari za Bart Haynes, mpiga ngoma wa bendi yake ya utotoni, aliyeuawa Vietnam mwaka 1967. Yeye mwenyewe alipoitwa jeshini alifanya kila njia asichukuliwe, akarudishwa nyumbani, na mpaka leo anawaza ni nani alikwenda mahali pake, kwa sababu mtu fulani alikwenda. Wanasiasa waliwahi kuutaka wimbo huo uwe wa kujisifia nchi. Rais Reagan alimtaja Springsteen kwenye kampeni yake hapa hapa New Jersey, Septemba 1984. Nadhani kama kungekuwa na njia ya kuwasikilizisha wote hivi, kwa gitaa moja, pasingekuwa na ubishi tena. Mdundo ule mkubwa ulikuwa unaficha kilio.

Mke wake, Patti Scialfa, alitoka wakaimba nyimbo mbili pamoja, sauti zao zimeshikana vizuri. Sikuwa na haja ya zaidi ya hapo, na nadhani hata yeye alitaka tupate pumzi.

Maana baada yake alizungumzia mpaka wa Marekani na Mexico. Tangu mwezi uliopita ameubadilisha mpangilio wa nyimbo, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miezi, ili azungumzie watoto wanaotenganishwa na wazazi wao kule kusini. Aliita jambo hilo unyama na aibu ya nchi. Kisha akaimba "The Ghost of Tom Joad", wimbo wa watu waliofukuzwa na shida wakalala barabarani. Ukumbini nilikuwa mhamiaji, sijui kama tulikuwa wengi. Nimekaa ofisi za uhamiaji na karatasi mapajani, nikiomba nisiulizwe swali nisilolijua. Nina watu wangu ambao hawajaonana na watoto wao kwa miaka kwa sababu ya karatasi hizo hizo. Kumsikia mzee wa New Jersey, mwenye kila kitu, akisimama peke yake na kusema kwamba hilo ni kosa, mbele ya watu waliolipa mamia ya dola kuja kustarehe, kulinipa nguvu. Machozi yalinitoka na sikuyafuta. Mama wa kizungu aliyekaa kando yangu alinipa kitambaa cha karatasi bila kuniuliza.

Kuna kisa kimoja kuhusu baba yake ambacho bado kinanizunguka kichwani. Muda mfupi kabla ya mtoto wa kwanza wa Springsteen kuzaliwa, mwaka 1990, mzee Douglas alisafiri hadi Los Angeles bila taarifa, akaketi, na akakiri kwamba mwanawe amewatendea wema mwingi ilhali yeye hakumtendea hivyo. Basi. Lakini Springsteen alisema hicho ndicho alichohitaji. Akaeleza kwamba mzazi hugeuka mmoja wa wawili katika maisha ya mtoto: mzimu unaomwandama na makosa yake, au babu anayetembea naye akimsaidia njiani. Baba yake alikuja siku ile kuomba asiwe mzimu. Kwetu Taita, ambako wazee waliofariki bado wanatajwa jambo linapoharibika, nina hakika maneno hayo hayahitaji maelezo.

Karibu na mwisho alisimulia alivyorudi Freehold akakuta ule mti mkubwa wa mbele ya nyumba yao umekatwa, mizizi imebaki ardhini. Akayatamka maneno ya Baba Yetu, sala yote, bila ala. Mimi niliisali naye kwa Kiswahili kwa sauti ya chini.

Kwenye basi la kurudi nilimfikiria Fadhili William, Mdawida (yaani Mtaita) mwenzetu, aliyeirekodi "Malaika" ikazunguka dunia. Aliishi miaka mingi hapa Marekani akifanya kazi za kawaida kabla ya kurudi Nairobi, akafariki 2001. Ningelipa hata mshahara wa mwezi kumwona amekaa kwenye kiti kimoja na gitaa lake, saa mbili, atueleze nyumba aliyozaliwa, baba yake, jinsi alivyoimba na nani alilipwa. Wanamuziki wetu wakongwe huitwa jukwaani kuimba wimbo mmoja ule ule, wanapigiwa makofi, wanapewa bahasha, wanarudishwa nyumbani. Wanajua mengi kuliko wimbo mmoja.

Baba bado yuko hai, ana miaka 79, amerudi Wundanyi, kwetu Taita. Likizo yangu ni Desemba. Nimeandika ya kumwuliza: saruji ilipakuliwaje, kwa mikono au kwa winchi, zamu ya usiku ilikula nini, nani alikufa gatini na familia yake ilipewa nini, nyimbo gani za kazi walikuwa wanaitikiana wakivuta kamba, na nani alikuwa anaanzisha. Kaka yangu anasema mzee hatajibu. Nitakwenda na msokoto wa tumbaku anayoipenda, nitakaa naye kwenye mkeka mpaka aanze.